Kwenda Bujumbura kufundisha Kiingereza: uchambuzi wa maandalizi ya timu moja ya kanisa, Dar es Salaam

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya viongozi wa vijana na kamati za misheni zinazofikiria kupeleka watu nje ya nchi kufundisha Kiingereza. Mimi nilikuwa mratibu wa timu. Jina la kanisa letu, la wenyeji wetu na ya watu wote yameondolewa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mchungaji mwenyeji alisomewa kisa chote kwa simu akaridhia kitumike.

Usuli

Kanisa letu liko Wilaya ya Kinondoni. Washirika wetu ni watu wa kawaida wa Dar: wafanyabiashara, walimu wa sekondari, wauguzi, madereva, wanafunzi wa chuo. Uhusiano wetu na kanisa la Bujumbura ulianzia dukani. Mzee mmoja wa kanisa anauza vitenge na mabegi kwa jumla pale Kariakoo, na wateja wake wengi wanatoka Burundi na Kongo. Mmoja wao alikuwa shemasi. Urafiki wao ukazaa ziara ya kwaya, na ziara ile ikazaa ombi moja fupi: tuleteeni walimu wa Kiingereza.

Ombi hilo lina historia yake. Kirundi ni lugha ya kila mtu Burundi, na Kifaransa kimekuwa lugha ya ofisi na darasa tangu enzi za Wabelgiji. Nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pia. Mtoto wa leo anakikuta Kiingereza shuleni. Mama yake wa miaka arobaini, aliyesoma zamani kwa Kifaransa, hakukikuta, ilhali mzigo anaoagiza unapita bandari ya Dar es Salaam na karatasi zake zimeandikwa kwa Kiingereza.

Haya ya mwisho nayaandika leo. Wakati ule hakuna aliyeyafikiria. Tulilipokea ombi kwa shangwe, tukaunda kamati ya watu saba, tukaandikisha timu ya watu 12, tukajipa miezi mitano.

Miezi mitatu ya kwanza

Tulichangisha. Bahasha za ahadi, maandazi na chai baada ya ibada, chakula cha hisani, namba ya M-Pesa ya mhazini ikitangazwa kila Jumapili. Tulikuwa na maombi kila Jumatano na mkesha mara moja kwa mwezi. Kwaya ilijifunza nyimbo tatu za Kirundi. Tulichapisha fulana zenye jina la safari. Sidharau hata kimoja katika hivyo. Bila maombi yale ningekata tamaa mwezi wa pili.

Lakini nimezisoma upya kumbukumbu za vikao kabla ya kuandika hapa. Katika miezi hiyo tulikaa vikao tisa. Fedha ziko kwenye ajenda ya vyote tisa, fulana kwenye vinne. Watu tutakaowafundisha hawamo hata kwenye kimoja.

Kila mmoja wetu alikuwa na wanafunzi wake kichwani. Walimu wa sekondari waliona kidato cha pili. Dada anayefundisha shule ya Jumapili aliona watoto, akanunua kadi za picha za wanyama na matunda. Kijana wa chuo aliona vijana wenzake wanaotaka kazi. Hatukubishana, kwa kuwa hakuna aliyesema kwa sauti anachokiona.

Upande wa hati tulichelewa vibaya. Mtanzania haombi viza kuingia Burundi, na wengi tulilisikia hilo tukadhani hati ni jambo la wiki moja. Pasipoti inataka kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa kinacholingana nacho. Watu wawili hawakuwa na cheti kabisa wakaanza kuhangaika RITA, ofisi inayotoa vyeti hivyo. Wa tatu alikuwa na jina moja kwenye NIDA na lingine kwenye vyeti vya shule. Ada ya pasipoti, shilingi 150,000 kwa mtu, ilikuwa imesahaulika kwenye bajeti.

Jumamosi ya invoisi

Yule mzee wa Kariakoo ndiye aliyependekeza tujaribu kufundisha kwanza hapa hapa Dar, kwa Warundi waliokuja kununua bidhaa. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa nne. Wakaja sita.

Mwalimu K. wa timu yetu, mwenye miaka kumi na minne darasani, alisimama kwenye ukumbi wetu mdogo wa nyuma, feni ikilia juu, akaandika ubaoni wakati uliopo, uliopita na ujao. Alieleza vizuri sana, ila alieleza kwa Kiswahili dakika arobaini nzima, maana wote sita walikuwa wanakisikia. Wao walinakili. Kiingereza pekee kilichotoka vinywani mwao kilikuwa "yes, teacher".

Wakati wa mapumziko, mama mmoja wa makamo alifungua pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Ilikuwa invoisi ya mzigo wake. Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwalimu, hapa wameandika nini?"

Pameandikwa "gross weight". Mstari wa chini yake, "net weight". Mama huyu alikuwa akilipia usafirishaji muda mrefu bila kujua ipi ni kilo ya bidhaa peke yake na ipi ni ya bidhaa pamoja na maboksi yake. Aliyemsomea siku zote ni wakala, na wakala huyo huyo ndiye anayemtoza.

Mwalimu K. aliacha ubao akavuta kiti akakaa ubavuni pake. Wengine watano nao wakasogeza viti. Saa iliyobaki ikaishia kwenye karatasi ile: uzito, idadi ya maboksi, bandari ya kushushia, tarehe, jumla. Walisoma kwa zamu kwa sauti, wakasahihishana wenyewe, na mama yule alisoma mistari minne bila kuongozwa. Aliikunja karatasi yake polepole, akauliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.

Usiku ule Mwalimu K. alinipigia. "Mratibu, sisi hatujui tunakwenda kumfundisha nani."

Simu kwa mchungaji mwenyeji

Tuliandika maswali sita tukaomba muda wa kuzungumza. Tulipanga saa mbili usiku, tukapiga saa mbili ya Dar, tukamkuta ibadani, kwa kuwa saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Tulipompata, alijibu kila swali kwa utulivu, na karibu kila jibu lilivunja kitu tulichokwisha kupanga.

Watakaokuja ni watu wazima, alisema: kina mama wa biashara, madereva, mafundi, na vijana wachache waliomaliza shule wanaotafuta kazi. Watoto wa shule hapana, kwa sababu Juni ni mwezi wa mitihani kwao na likizo ndefu inakuja Julai na Agosti. Sisi tulichagua Juni kwa sababu walimu wetu wanakuwa likizo. Tulikuwa tumepanga Jumamosi asubuhi kuwa siku yetu kubwa. Akatukumbusha kwamba Jumamosi asubuhi ni ya kazi za maendeleo ya jamii na watu hawapatikani. Akatuomba tusivae fulana zetu mitaani, maana kikundi cha wageni waliovaa sare huzua maswali. Akataka majina yetu kamili mapema, kwa sababu kila kaya inayopokea mgeni humwandika kwenye daftari la kaya, na kiongozi wa mtaa lazima ajue. Hilo la mwisho lilitukaa vizuri, kwa kuwa ni kama kumpeleka mgeni kwa mjumbe wa nyumba kumi hapa kwetu.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo. Akacheka kidogo. "Ndugu yangu, mgeni akisema anakuletea zawadi, utamuuliza ameifunga kwa karatasi gani?"

Jibu hilo limenikaa mpaka leo. Alikuwa anatuheshimu. Kuuliza ilikuwa kazi yetu, na tulikuwa tumeshakula miezi mitatu bila kuifanya.

Maamuzi na sababu zake

Zilibaki wiki sita. Kwanza, tulipunguza timu. Wanne walikwama, watatu kwa hati na mmoja kwa ruhusa ya kazi, na badala ya kutafuta wa kujaza nafasi tulibaki nane. Fedha zilizookolewa zikaingia kwenye vitabu na malazi.

Pili, tuliacha kitabu cha kidato tukaandika masomo kumi kutokana na karatasi na mazungumzo ya kweli. Mzee wa Kariakoo alikusanya invoisi na orodha za upakiaji kutoka kwa wafanyabiashara wenzake, tukafuta majina na bei kwa kalamu nzito, tukazitoa nakala. Yakaongezwa mazungumzo ya mpakani, ya hotelini, ya simu na muuzaji, na somo moja la kujieleza kwenye usaili wa kazi.

Tatu, tulijifunza masikio ya wanafunzi wetu. Mwanafunzi mmoja Mrundi anayesoma chuo hapa Dar alikaa nasi jioni nne. Kirundi cha asili hakina herufi L, hivyo "rice" na "lice" vinaweza kutoka sauti moja, na mchele ukageuka chawa. Kifaransa nacho kina maneno yanayofanana na ya Kiingereza kwa sura huku maana zimeachana: Mrundi akisikia "library" anafikiria duka la vitabu, na akisema "I assisted the wedding" anamaanisha alihudhuria harusi. Sisi Waswahili tulifurahi kugundua kwamba sauti ya mwanzo ya "three" ni ile ile ya thelathini, tukafikiri tumepata njia ya mkato. Mwanafunzi yule akatuambia kwao wengi husema "selasini". Njia ya mkato ikafa hapo hapo, tukarudi kwenye ulimi na meno.

Mazoezi hayo yalifichua pia Kiingereza chetu wenyewe. Tulirekodiana kwa simu tukasikilizana. Wawili katika timu walikuwa wanachanganya R na L vilevile. Wakaomba wao wenyewe wapewe kazi ya kuongoza mazungumzo, matamshi yafundishwe na wengine. Ilihitaji unyenyekevu, nami niliwaheshimu zaidi kwa hilo.

Nne ni Injili, na hapa kamati ilikaa mpaka saa tano usiku. Mzee mmoja alisema tunakwenda misheni, hatuendi kufungua chuo cha lugha. Mwalimu K. akajibu kwamba mtu aliyeitwa kwa Kiingereza akakuta mahubiri ameibiwa saa yake, na mwizi amekuja na Biblia mkononi. Wote wawili wanampenda Kristo na wote wawili walikuwa na machozi. Tulichoamua ni hiki: tangazo liseme wazi kwamba darasa linaendeshwa na kanisa. Dakika sabini na tano ni za Kiingereza tupu. Kisha chai. Baada ya chai ndipo usomaji wa Biblia kwa anayetaka. Mpangilio wa chai haukuwa bahati. Dada muuguzi wa timu yetu ndiye aliyesema kwamba chai ikija mwisho, maskini atabaki kwa ajili ya chai, nasi tutamhesabu kuwa amebaki kwa ajili ya Neno.

Tano, tuliomba wenyeji wachague walimu wawili wa kwao wakae na kila somo, ili kazi isiondoke na basi letu.

Uamuzi mmoja tuliufanya kwa huruma. Dada wa shule ya Jumapili alikuwa ameshanunua kadi zake na alikuwa amechangisha kuliko mtu yeyote. Hatukuwa na moyo wa kumwambia watoto hawamo, kwa hiyo tulimwachia darasa dogo la watoto jioni.

Safari na matokeo

Tuliondoka na basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, tukalala Kahama, tukavuka mpaka wa Kabanga na Kobero siku ya pili. Tuliondoka saba, si wanane. Kijana mmoja alichomwa chanjo ya homa ya manjano siku sita kabla, na cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi. Mtu mtaani alijitolea kumwandikia tarehe ya nyuma. Alikataa, akatufuata baadaye peke yake. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa na orodha ya chanjo tangu mwezi wa kwanza, na sikuifuatilia. Inasikitisha zaidi kwa kuwa tangu 2016 sindano hiyo moja inahesabika ya maisha. Angeweza kuchomwa siku yoyote.

Darasa lilikaa siku kumi za kazi, saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili kasoro robo, kabla giza halijaingia. Waliandikishwa watu wazima 31, wakamaliza 19. Waliopotea wengi walipotea kwa usafiri. Petroli ilikuwa adimu, na aliyekaa mbali alitembea au hakuja.

Siku ya pili alifika mama mmoja Mwislamu, muuza nguo, akasimama mlangoni bila kuingia. Akauliza kwa Kiswahili safi, mbele ya wote: "Nikija kusoma, mtanibatiza?" Dada muuguzi akamweleza mpangilio kama ulivyo, pamoja na chai. Akaingia. Alikuja siku zote zilizobaki, akanywa chai siku zote, akaondoka kila mara kabla ya usomaji. Siku ya mwisho alileta sahani ya sambusa na kumwombea dada yule safari njema. Walioendelea na Biblia walikuwa kati ya saba na kumi na mmoja, na walibaki wakijua wanabaki kwa nini.

Darasa la watoto lilivunjika siku ya nne. Walikuja karibu sitini, wengi wakiwa wamechoka na mitihani, dada yetu mmoja mbele yao, bila mwalimu mwenyeji na bila lugha ya kuwatuliza. Likageuka kipindi cha nyimbo. Alilia usiku ule, na aliyestahili kulia ni mimi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote kilikuwa majaribio ya Dar. Yalitugharimu nakala za karatasi na chai ya Jumamosi nne. Timu nyingi zinazokwenda nchi za mbali hazina bahati ya kuwa na wenyeji wao mjini kwao, lakini Dar es Salaam ni mji wa bandari na wasafiri. Anayekwenda Kongo, Komoro au Msumbiji atawapata watu wa huko Kariakoo, vyuoni au kwenye nyumba za wageni, akitafuta.

Simu ile ya maswali sita ingepigwa wiki ya kwanza, tungebadilisha mwezi wa safari. Tulipoipiga, likizo za walimu na nauli vilikuwa vimeshafungwa. Hapo ndipo naona kosa letu kubwa: fedha zilitangulia maswali, na fedha zikishatangulia, kila jibu jipya linaonekana usumbufu. Niliwaona wajumbe wema wa kamati wakikunja uso mchungaji alipotuomba tusivae fulana, eti zimeshalipiwa.

Kiswahili kilitusaidia na kikatuponza. Kilifungua milango, na mtaani watu walitupokea kama ndugu. Darasani kiligeuka mto wa kulalia. Tuliweka kanuni ya Kiswahili dakika tano za mwanzo tu, na ilishikwa vizuri siku tatu. Kuanzia siku ya nne, jioni, watu wamechoka, mwalimu anaona uso umekunjamana, anaeleza kwa Kiswahili, uso unakunjuka, naye anadhani amefundisha. Walimu wawili wenyeji ndio waliotustahi kwa kutuambia. Kwa timu inayokwenda mahali inaposikilizana lugha na wenyeji, ningeweka mtu mmoja nyuma ya darasa, kazi yake iwe kuhesabu dakika ambazo wanafunzi wenyewe wanazungumza Kiingereza.

Kuhusu darasa la watoto, wengine katika kamati wanasema lilikuwa tatizo la idadi ya walimu. Sikubaliani nao. Lilikuwa limekwisha kukataliwa kwenye ile simu. Mwenyeji alisema hapana kwa adabu, nasi tukaisikia kama labda. Huruma yetu kwa dada mmoja tukailipa kwa jioni nne za watoto sitini, na tukamwachia yeye aibu ambayo ilikuwa ya kamati. Ningemwambia ukweli Dar, uso kwa uso, na ningempa kazi ya usaili, ambayo baadaye aliifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Mpangilio wa Biblia kuja baada ya chai bado unabishaniwa kanisani. Wapo wanaosema tulikuwa baridi. Mimi naona mama yule wa mlangoni aliuliza swali ambalo wengi huliuliza moyoni, na tuliweza kumjibu bila kuangalia chini.

Miezi minane imepita. Walimu wale wawili wenyeji wanaendesha darasa Jumanne na Alhamisi, watu kumi na wawili hadi kumi na watano. Sisi tunawatumia nakala mpya za karatasi za bandarini kwa WhatsApp. Mchungaji ameomba tena, na safari hii tulimuuliza kabla ya kutangaza chochote. Anataka watu wawili tu, waje Agosti, na mmoja wao awe mtu wa uwakala wa forodha, hata kama hajawahi kusimama darasani. Tumempata, kijana wa kwaya anayefanya kazi hiyo bandarini. Chanjo ameshachomwa. Pasipoti ameomba wiki iliyopita.